Aliyeinyamazisha Ardhi: Shukrani za Mwosha Marudio kwa Bruce Candy

Kabla ya kumtaja mtu mwenyewe, nieleze kwanza mikono yangu ilikuwa wapi.

Mwaka 2004, nikiwa na watoto wawili na mume aliyekwenda kutafuta maisha asirudi, nilikuwa naosha marudio kwenye mwalo mmoja, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, nje kidogo ya Makongolosi, wilayani Chunya. Asiyejua marudio ni nini, ni ule mchanga ambao wenye mawe wameshausaga kwenye karasha, wakauosha, wakachukua dhahabu yao na kuondoka. Unaobaki ndio tunaoachiwa akina mama. Unauosha tena, unautia kwenye karai na zebaki, unaukanda kwa viganja kama unga wa chapati, unakamua kwenye kitambaa, na kidonge kinachobaki unakichoma kwenye jiko lile lile la kupikia ugali. Zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Siku njema ilikuwa pointi mbili, yaani sehemu mbili za kumi za gramu. Siku nyingi hazikuwa njema.

Nilikuwa na jirani ambaye hadi leo namwita dada, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Alinitangulia kwenye mwalo kwa miaka kumi na mitano. Chai yake alikunywa kikombe kikiwa nusu, maana kikijaa kilimwagika: mikono ilikuwa inatetemeka. Sisi tulisema ni uchovu. Wengine walisema amechezewa. Baadaye sana ndipo nilipojua jinsi moshi wa zebaki unavyoingia mwilini na kwenda kukaa kwenye mishipa ya fahamu. Nikiulizwa kwa nini Bruce Candy, mwanafizikia wa Australia aliyebuni mashine za kusikia dhahabu ardhini, anastahili heshima kutoka kwa mwanamke wa Chunya, naanzia kwenye kile kikombe cha nusu.

Udongo wetu umechimbwa tangu zamani. Habari za dhahabu ya Lupa zilienea kuanzia mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 kukawa na rashi kubwa. Watu walikuja kutoka kila upande, wakakoroga mito yote na vijito vyake. Babu yangu mzaa mama alikuwa kijana wa kubeba maji ya kuoshea wakati huo, na alipozeeka alipenda kuniambia, "Mjukuu wangu, Lupa imeshaliwa nyama. Ninyi mmebakiziwa mfupa." Tulimwamini, kwa sababu tuliyoyaona ni mfupa kweli.

Lakini wazee wale walifuata maji. Bila maji huoshi, na usipoosha huoni kitu. Kwa hiyo walikula mitoni na kandokando ya mito, na kule juu kwenye miteremko mikavu, penye udongo mwembamba juu ya mwamba, walipita tu wakielekea kwenye maji. Punje zilizodondoka kutoka kwenye miamba iliyomomonyoka na kukaa pale pale hazikuwa na wa kuziona. Zilikuwa chini ya nyayo zetu tulipokwenda kukata kuni.

Tatizo la pili lilikuwa udongo wenyewe. Ni mwekundu, umejaa changarawe za chuma. Chukua sumaku ya spika mbovu, ipitishe kwenye mchanga wa mtoni kwetu, inatoka na ndevu nyeusi. Mwaka 2008 hivi, vijana wa kijijini walichangishana wakanunua ditekta, yaani mashine ya kutafutia madini ya chuma na dhahabu ardhini, ya bei nafuu iliyotumika, aina ile inayotuma wimbi moja mfululizo bila kukatika. Kijiji kizima kilitoka kwenda kuangalia. Mashine ikaanza kupiga kelele palepale ilipowashwa, na haikuacha. Ililia kwa kila jiwe, kwa kila kishimo, hata walipoinua koili, lile duara la chini ya mashine, juu kidogo na kuishusha. Walichimba mashimo kama arobaini siku hiyo wakapata mawe mekundu. Jioni mzee mmoja akasema mashine ina wazimu. Mimi naona mashine haikuwa na wazimu hata kidogo. Ilikuwa inasema kweli: ardhi yote ilikuwa ni chuma, na ilikuwa inajibu yote kwa pamoja.

Mwaka 2011 alifika mtu kutoka Kanda ya Ziwa, mtu mzima, mpole, akitafuta wa kumchimbia na kumwonyesha njia. Vijana walimcheka walipoona mashine yake, wakikumbuka ile ya kwanza. Mimi nilikuwa na deni la ada ya shule, nikakubali kubeba sururu na chepe. Alibeba betri nzito mgongoni kama mtoto, waya ukishuka hadi kwenye mashine. Ilikuwa Minelab SD 2200, imechakaa, mpini umefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Siku nne hatukupata kitu zaidi ya misumari na kipande cha risasi. Lakini niliona jambo moja lililonishangaza kuliko dhahabu. Mashine ilikuwa imenyamaza. Alipita kwenye udongo ule ule uliowatia wazimu wenzetu, akipeleka koili kushoto na kulia polepole, na kwenye hedifoni kulikuwa na mluzi mmoja mwembamba tu, haupandi haushuki.

Siku ya tano, kwenye mteremko ambao nimepita na mzigo wa kuni pengine mara elfu, alisimama. Akarudi nyuma hatua moja. Akapitisha tena. "Mama," akaniambia, "chimba hapa taratibu." Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba aliponipa hedifoni nilidhani ananitania, ni kama mtu aliyemeza mate katikati ya huo mluzi. Nikachimba hadi kwenye goti. Akatwaa udongo kwa kijiko cha plastiki, akaupitisha juu ya koili, akagawa nusu, akapitisha tena, akagawa tena, mpaka kwenye kiganja chake kikabaki kitu kama punje ya maharage kilichopakwa matope. Akakitemea mate, akakifuta kwenye suruali.

Gramu tatu na pointi nne. Kwangu mimi hizo zilikuwa wiki na wiki za kukanda marudio, na hapakuwa na tone la zebaki. Nilikaa chini kwenye udongo. Nilitazama viganja vyangu.

Nilimuuliza nani ametengeneza kitu hiki. Akasema, "Wazungu wa Australia." Kwa miaka kadhaa hilo ndilo jibu nililokuwa nalo, na lilinitosha, mpaka nilipodhulumiwa.

Hilo la kudhulumiwa nitalisema kwa kifupi, maana bado linauma. Mwaka 2014 nilikuwa nimeweka akiba, nikauza na shamba la mahindi la urithi, nikapata shilingi milioni nne. Nikaelekezwa kwa muuzaji mmoja mjini, nikauziwa mashine mpya kabisa, imeandikwa Minelab GPX 5000, ina boksi, ina kitabu, ina kila kitu. Nilirudi nayo kwenye basi nimeipakata. Miezi mitatu niliitembeza porini. Ilisikia mfuniko wa sufuria, ilisikia jembe, lakini punje ya gramu moja niliyoizika mwenyewe kwa kipimo cha kidole iliipita kama haipo.

Mtoto wa dada yangu alikuwa anasomea elektroniki Mbeya. Alikuja likizo ya Krismasi, akafungua kasha kwa bisibisi, akatazama ndani kwa muda mrefu. "Mama mdogo," akasema, "hii imenakiliwa. Wamenakili sura, wamenakili na michoro, lakini vipuri ni vya ovyo." Nililia usiku ule. Asubuhi nilimwambia atafute anieleze yote: nani alibuni ya kweli, kwa nini ya kweli inanyamaza na hii hainyamazi, na nani ameiba. Ndipo niliposikia jina la Bruce Candy kwa mara ya kwanza.

Kijana alinieleza jioni tatu, nikimuuliza maswali kama mtoto. Nitayasema kwa namna nilivyoyaelewa.

Ditekta ina koili, yaani duara la waya. Ukipitisha umeme ndani yake inageuka sumaku. Katika mashine za aina ya Candy, umeme unatumwa kwa mapigo, kisha unakatwa ghafla. Pale unapokatwa, chuma au dhahabu iliyo chini inashtuka: umeme mdogo unazunguka ndani yake kwa muda mfupi mno, sehemu za milioni za sekunde, kisha unafifia. Koili inageuka sikio, inasikiliza huo mfifio. Punje ndogo inafifia haraka, kipande kikubwa kinakawia.

Balaa ni kwamba ardhi yenye chuma nayo inajibu. Inashikwa na sumaku, na inapoachiwa haitulii mara moja. Nayo inafifia kwa namna yake. Jibu la ardhi ya Chunya linaweza kuwa kubwa mara nyingi kuliko jibu la punje iliyolala futi moja chini. Ukiongeza nguvu ya mashine, unaongeza na kelele. Watengenezaji wengi walihangaika hapo. Kila aliyetaka kusikia zaidi aliishia kusikia udongo zaidi.

Candy aliishughulikia ardhi kwanza. Aliusoma huo mfifio wa udongo hadi akaujua tabia zake: udongo hubadilika kwa nguvu kutoka hatua hadi hatua, lakini namna yake ya kufifia haibadiliki sana. Dhahabu haifuati namna hiyo. Basi akatuma mapigo ya urefu tofauti, marefu na mafupi, akachukua majibu yake na kuyapima moja dhidi ya jingine kwa hesabu ambayo sehemu ya udongo inajifuta yenyewe, na kinachobaki ni kile kisichokuwa udongo. Kijana alinionyesha kwa vikombe viwili vya maji na chumvi nikaelewa, ingawa leo siwezi kurudia ule mfano wa vikombe. Mfano wangu mwenyewe ni huu: ni kama mama anayemsikia mwanawe akilia katikati ya ngoma ya harusi. Hana masikio makubwa kuliko wengine. Ameshaizoea ngoma.

Candy ni mmoja wa waanzilishi wa Minelab, kampuni iliyoanza Adelaide mwaka 1985. Mashine yake ya mapigo iliyobadilisha mambo, SD 2000, ilitoka mwaka 1995. Na hapo nikajua kwamba Waaustralia nao walikuwa na babu wanaosema wamebakiziwa mfupa. Jimbo la Victoria lilikuwa na rashi kubwa kuanzia mwaka 1851. Mwaka 1869, huko Moliagul, kipande chenye zaidi ya kilo 70 za dhahabu kilikutwa sentimita chache tu chini ya ardhi, kwenye mizizi ya mti. Mwaka 1980, karibu na Kingower, mtu mwenye ditekta ya Kimarekani alichimbua kipande cha kilo 27. Hao waliotangulia wana heshima yao, na siwanyimi. Lakini kilo 27 ni kitu kinachojibu kwa sauti kubwa. Yale mamilioni ya punje ndogo na zile zilizolala ndani kwenye udongo mwekundu wenye kelele zilibaki zimekaa, juu yake wachimbaji wakipita na mashine zenye kulia ovyo. SD 2000 ilipofika, watu walirudi kwenye mabonde yale yale yaliyokwisha kutangazwa kuwa matupu, wakaanza tena kutoa dhahabu. Yeye hakukaa. Zikafuata SD 2100 na 2200, GP Extreme mwaka 2000, GPX 4000 mwaka 2006, GPX 5000 mwaka 2010, na GPZ 7000 mwaka 2015.

Kuhusu wizi, niliyoambiwa yalinifanya nione aibu kwa niaba ya pesa yangu. Minelab ilikuwa imenunuliwa mwaka 2008 na Codan, kampuni ya redio za mawasiliano ya hapo hapo Adelaide. Mwaka 2011 mtumishi wa Codan alikuwa safarini China, akaunganisha kompyuta yake na intaneti ya hoteli, wadukuzi wakaingia, wakachukua michoro. Muda si mrefu mashine bandia zikaanza kumwagika Afrika, ambako watu wa Sudani na nchi nyingine za jangwani walikuwa kwenye rashi. Codan ikalazimika kushusha bei. Bei ya dhahabu nayo ilikuwa imeanguka mwaka 2013. Faida ya kampuni, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa dola milioni 45 za Australia, ikashuka hadi milioni 9.2 katika mwaka ulioishia Juni 2014.

Mimi nilikuwa ndani ya hesabu ile. Milioni nne zangu zilikwenda kwa mwizi wa akili ya mtu mwingine. Watu huniambia kampuni kubwa haiumii, mimi ndiye niliyeumia. Sikubaliani nao. Mtu amekaa miaka na miaka akisikiliza udongo, mwingine anachukua michoro kwa usiku mmoja, na anayekuja kulipa ni mama wa Makongolosi aliyeuza shamba. Tuliibiwa wote wawili na mkono mmoja. Kuanzia siku ile nilijiona nina undugu na mzee yule wa Adelaide, ingawa hatujawahi kuonana.

Mwaka 2016 kikoba chetu cha akina mama saba kilinunua GPX 5000 halisi, iliyotumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa anaondoka kwenye kazi hii. Safari hii nilikwenda na kijana, akaifungua kwanza ndipo tukalipa. Tulikuwa na makubaliano ya maandishi na mwenye leseni ndogo ya uchimbaji ya eneo, sehemu yake na sehemu yetu. Ukiingia na ditekta kwenye leseni ya mtu bila makubaliano, wewe ni mwizi kama yule wa michoro, hata kama ardhi haina uzio.

Siku kumi na tisa za kwanza hatukupata hata pointi. Nazihesabu kwa sababu nilizihesabu wakati ule, jioni kwa jioni, wenzangu wakiniangalia usoni. Tatizo halikuwa mashine wala eneo. Nilikuwa natembea upesi. Nilikuwa natafuta kama mtu anayefagia uwanja wageni wakiwa mlangoni. Mashine hii inataka koili iguse majani, ipite kushoto hadi kulia kwa muda wa kuvuta pumzi na kuishusha, na kila mpito uupande ule uliotangulia kwa nusu ya koili. Ukiruka kiganja kimoja umeruka ada ya muhula.

Inataka pia ujivue. Nilivua pete, nikavua bangili, nikaondoa pini kwenye khanga. Simu niliizima nikaiacha kwenye kapu chini ya mti. Viatu vyenye vyuma kwenye kisigino haviendi. Radi ikiwa mbali, hata upande wa Mbeya mjini, utaisikia kwenye hedifoni kabla ya kuiona, na wakati wa mvua kubwa hakuna kazi mchana. Mashine mbili zikikaribiana zinasumbuana, kwa hiyo mwenzako ni lazima awe mbali, na huo upweke una kazi yake: unajifunza kusikia.

Nilijifunza kwamba punje ndogo kwa kawaida inapanda kisha inashuka, na kipande kikubwa kinashuka kisha kinapanda. Nilijifunza kuwa risasi inadanganya kuliko kitu chochote, maana sauti yake ni ya dhahabu kabisa, na porini kwetu wawindaji wameacha risasi nyingi. Nilichimba misumari ya wale wa miaka ya 1930, vizibo vya bia vya vijana wa sasa, kipande cha sufuria, na mara moja kifungo cha koti chenye maandishi yaliyofutika, nilichomhifadhia mwenyewe asiyejulikana. Kanuni niliyojiwekea ni kuchimba kila sauti. Siku nitakayoanza kuchagua sauti za kuchimba, nitakuwa nimerudi kwenye kubahatisha.

Siku ya ishirini nilipata pointi sita. Siku ya ishirini na mbili, gramu mbili. Mwezi wa tatu tukapata kipande cha gramu kumi na saba kwenye ukingo wa rundo la udongo waliolitupa wazee wenyewe, udongo uliotoka kwenye mashimo yao. Walikuwa wameushika kwa mikono yao. Nilimkumbuka babu, nikatamani awepo nimwonyeshe kwamba mfupa ulikuwa na nyama.

Ni lazima pia niseme mipaka ya mashine, maana naona vijana wanakopa kwa ndoto. Ditekta husikia punje na vipande. Dhahabu ya unga, ile iliyomo ndani ya mawe ya miamba na inayotaka karasha, haiisikii. Haiendi chini kama duara, yaani shimo refu la wachimbaji. Sana sana ni kina cha goti, kwa kipande kikubwa zaidi kidogo. Na eneo lililopitiwa na watu makini halijazi tena kama kisima. Nimeona mtu akiuza bodaboda yake kununua mashine, akaenda nayo sehemu isiyo na punje hata moja, akaiuza baada ya miezi miwili kwa nusu ya bei. Nimeona na miteremko iliyoachwa na mashimo kama uso wa mgonjwa wa ndui, ng'ombe wakivunjika miguu. Sioni kwamba hilo ni kosa la Candy, lakini ni juu yetu sisi tunaokula matunda yake. Katika kikoba chetu asiyefukia shimo lake halipwi siku hiyo.

Kuna mambo mawili zaidi kuhusu mtu huyu ambayo kijana alinisimulia, na yaliingia moyoni kwangu kuliko majina ya mashine.

La kwanza: Minelab imetengeneza pia ditekta za kutegulia mabomu ya ardhini. Tatizo ni lile lile, udongo wenye kelele unaoficha kipande kidogo cha chuma, ila safari hii ukikosea huendi nyumbani. Sisi Watanzania tunajua kidogo habari hizi kwa sababu ya panya wanaofunzwa Morogoro kunusa baruti, waliokwenda kufanya kazi Msumbiji. Panya akishaonyesha mahali, mtu mwenye ditekta ndiye anayefuata. Niliposikia hayo nilimfikiria yule mtu mwenye hedifoni kama zangu, akisikiliza mluzi kama ninaousikiza mimi, na mtoto wake anamsubiri.

La pili ni la muziki. Bruce Candy alibuni vikuza sauti vinavyoitwa Halcro, jina lake la kati, vinavyosifiwa na wapenzi wa muziki kwa jinsi vinavyopitisha sauti bila kuichafua. Kijana alilisema hilo kama nyongeza tu. Mimi nikanyamaza kwa muda. Kumbe ni kazi moja. Anaondoa kelele ili kitu chenyewe kisikike, iwe ni wimbo, iwe ni bomu, iwe ni punje ya maharage chini ya udongo wa Chunya.

Wengi hutoa heshima kwa medali na hotuba. Sisi hatuna ukumbi. Tunachofanya ni hiki: tukifungua eneo jipya, punje ya kwanza kutoka hapo tunaiita "ya mzee wa Adelaide." Haiuzwi siku hiyo. Inakaa kwenye chupa ndogo mpaka mwisho wa mwezi, na fedha yake inaingia kwenye mfuko wa ada za watoto wa kikundi. Tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa mwaka 2019 na Chunya nasi tukapata letu, tunauzia pale kwa mizani inayoonekana, na karani aliwahi kuniuliza kwa nini risiti moja tunaiomba peke yake. Nilimweleza. Akaandika.

Kwenye mwalo sikurudi. Akina mama wanne kati ya saba nao wameacha kukanda zebaki. Watatu bado wanachanganya, kwa sababu mashine ni moja na midomo ni mingi, na sitawahukumu.

Mwezi uliopita nilimchukua dada porini. Yule wa kikombe cha nusu. Amezeeka, anatembelea fimbo, na mikono haijapona. Hakuwahi kushika mashine, alisema ni mambo ya wenye nguvu. Nilimkalisha kwenye jiwe, nikamvua bangili, nikamvalisha hedifoni juu ya kilemba. Nikaushika mpini pamoja naye, mikono yangu juu ya yake ili isitikisike, tukapeleka koili kwenye udongo mwekundu, kushoto, kulia, kushoto.

"Sisikii kitu, mdogo wangu," akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya waliovaa hedifoni. "Nasikia mluzi tu."

"Huo huo mluzi, dada. Endelea kuusikiliza."

Tukasogea nusu ya koili mbele. Akainua kichwa, akafumba macho, akanikanyaga mguu kwa fimbo.

"Hebu rudi hapo," akasema.